Siku Waliponichukua

Juzi huko Gatitu mtoto mmoja alijificha aliponiona nikileta fomu za kusomesha watoto za shirika letu dogo la kanisa, nikajikumbuka nikiwa mtoto.

Mama alikuwa amefariki, nami niliishi na shosho, bibi yangu. Alasiri moja nilisikia mgeni wa kanisa akimwambia juu yangu, "Wairimu tumemchukua." Nilikimbilia zizini, nikajikunyata kwenye majani ya ng'ombe yaliyonuka mvua.

"Sitaki kwenda!" nililia waliponipata.

"Uende wapi?" mgeni akacheka. "Utakaa hapa kwa shosho. Sisi tutakusomesha tu."

Na walinisomesha kweli, Mungu awabariki.

Siku ile mgeni alinivisha sweta mpya ya shule. Shosho akaanza kulia. Nilidhani analia kwa sababu ni kubwa mno.

"Usilie, shosho," nikamwambia. "Nitakua."