Minji za Mwalimu

Nilipokuwa darasa la nne nilikaa karibu muhula mzima bila kusema neno shuleni, na mwalimu wangu hakuniuliza kwa nini. Asubuhi hii nimefungua mfuko wa minji, njegere mbichi, kutoka soko la Nakuru, na harufu ya maganda mabichi imenirudisha kwake.

Tulikuwa tumemzika mama huko Dundori, na sauti yangu ikakwama. Wavulana walinizunguka. "Bubu, sema niaje tukupe mandazi!" Mwalimu mkuu alimwambia baba anihamishe muhula ukiisha, nipelekwe shule maalum ya watoto wasiosema. Mwalimu wangu aliomba aachiwe mimi kwanza.

Kila mapumziko aliniita nyuma ya darasa, akanimwagia minji mapajani, tukaambua pamoja. Watu wanaoambua minji hawatazamani usoni. Macho hufuata vidole. Hilo lilinipumzisha. Alinisimulia ukorofi wa ng'ombe wake bila kungoja jibu.

Siku moja kiwavi alitoka kwenye ganda. Mwalimu akaruka na kupiga mayowe.

"Woi! Mtoe!"

"Ni kiwavi tu, mwalimu," nikasema.

Akarudi kuketi. "Basi mtupe wewe. Mimi naogopa."

Nikamtupa, kisha nikamweleza jinsi kuku wetu wanavyogombania viwavi. Sikuhamishwa.

Namshukuru hadi leo. Ila alikuwa amelelewa katika shamba la minji, na sijawahi kujua kama kweli aliogopa.