Vitabu Vitatu na Ukuta Usiofika Juu

Wasomaji wenzangu hapa Tarime, ambao hukutana kila mwisho wa mwezi kuzungumza juu ya vitabu, waliniomba niandike kurasa chache kuhusu vitabu vilivyonipendeza zaidi mwaka uliopita. Waliniomba mimi kwa sababu nimetunga riwaya mbili, ingawa shule niliishia darasa la saba. Nilitaja vitabu vitatu, nikaeleza kila kimoja kimejengwaje na kwa nini nilikipenda. Nilipozisoma tena zile kurasa, sikuona neno la uongo ndani yake, na bado zote zilikuwa uongo, kwa sababu sikusema vitabu hivyo vilisikilizwa na nani. Nimezichana. Naanza upya.

Kitabu nikikipenda nakisoma mara tatu. Mara ya kwanza nasoma kimya, nijue kinakwenda wapi. Mara ya pili nasoma kwa sauti. Nyumbani nilikulia Kikurya, na sentensi ya Kiswahili nisipoisikia kwa masikio siwezi kusema nimeijua. Mara ya tatu nanakili kwa mkono ukurasa ule ulionishinda, polepole, mpaka nione mwandishi aliufanyaje. Hakuna aliyenifundisha utaratibu huu. Ndio umenifundisha kuandika.

Nyumba yangu iko mtaa wa Nyamisangura, hapa mjini. Niliijenga kidogo kidogo, na kuta za ndani ziliishia usawa wa mlango kwa sababu matofali yaliniishia. Dari sijaweka mpaka leo. Mtu akikoroga chai chumba kimoja, kijiko kinasikika chumba cha pili. Meza yangu ya kazi iko sebuleni, na nyuma yake, ng'ambo ya ukuta huo usiofika juu, kuna chumba cha wageni.

Katika chumba hicho alikuja kukaa mama mkwe wangu kutoka kijijini Itiryo. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mwanga alikuwa anauona, lakini watu hakuweza kuwaona. Hospitalini walimwandikisha, wakamwambia angoje mjini, kwa sababu madaktari wa macho huja kwa msimu, na wakija hawakai.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaoneana aibu. Si ugomvi, ni heshima. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, hawapeani mikono, na yapo mambo ambayo mmoja hayatamki pale mwenzake anapoweza kusikia. Mambo ya mwanamume na mwanamke faraghani ndiyo ya kwanza. Mke wangu alipokuwepo hapakuwa na tatizo, alikaa katikati yetu kama mlango. Lakini ndio mwaka ule dhahabu ilionekana kwenye kilima kimoja upande wa Serengeti, watu wakamiminika huko, na mke wangu ni mama lishe.

"Wateja wangu wote wamehamia mlimani," aliniambia huku akifunga sufuria zake kwenye gunia. "Nikibaki hapa nitampikia nani? Wewe na karatasi zako?"

Akaondoka. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye moyo mzuri, akakubali kumletea mama chakula na kumsaidia kuoga. Mambo mengine yote yalipita kwenye simu. Mama alikuwa na simu ndogo ya kitochi, na alijua kwa kidole kitufe cha kumpigia binti yake. Akitaka maji ya moto alimpigia mke wangu kule machimboni, mke wangu akanipigia mimi niliyekuwa upande wa pili wa ukuta, nami nikachemsha maji, nikayaweka mlangoni kwake, nikakohoa na kuondoka.

Kitabu cha kwanza kati ya vile vitatu ni riwaya isiyo na jalada, kuhusu karani wa kupima pamba aliyefukuzwa kazi kwa sababu mizani yake ilisema kweli. Kurasa nyingi mle ndani ni mtu anayetafuta kazi tu, lakini mwandishi anabadilisha mlango anaobisha kila mara, hata msomaji hachoki. Nilikuwa nakisoma kwa sauti kila jioni kabla ya chakula. Jioni moja simu ikalia.

"Mheshimiwa mwandishi," mke wangu akasema. Nyuma yake karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, zilikuwa zinanguruma. "Mama anauliza, yule karani amepata kazi au bado?"

"Karani gani?"

"Karani wa pamba. Si unamsoma kila siku? Mama ananisimulia mimi, mimi nawasimulia hawa wanaosubiri zamu ya karasha na viroba vyao vya mawe. Hapa karani wako anajulikana kuliko mwenyekiti wa kijiji. Kuna mzee anataka kumpa kazi ya kulinda shimo lake."

Nilitazama juu, pale ukuta unapoishia. Niliona aibu, kama mtu aliyetazamwa akiwa amelala. Nilipaswa kuhamia uani siku ile ile. Sikuhama. Kesho yake niliketi pale pale na nikapandisha sauti. Katika maisha yangu ya uandishi sikuwahi kuwa na msikilizaji.

Kitabu cha pili si riwaya. Ni mwongozo wa kufuga nyuki, ulioandikwa na mtu aliyependa mno kutia alama ya koma. Nilikichagua kwa ajili ya mama, ingawa sikukiri hata moyoni. Kupitia kwa mke wangu aliniletea maoni yake: inaonyesha huyo mwandishi hajawahi kuumwa na nyuki usoni, mtu aliyeumwa haandiki kwa utulivu ule. Nilicheka peke yangu mezani, na nikasikia kitu kama kicheko upande wa pili, kikakatwa upesi.

Kitabu cha tatu niliazimwa na rafiki yangu mwenye duka la vitambaa, Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani na kuacha kabati la vitabu. Ni riwaya ya mwalimu na mjane. Nilikuwa nimekwisha kuisoma kimya, kwa hiyo nilijua kila kilichomo. Nilijua kuna ukurasa ambao mwalimu na mjane wanakimbilia kibanda shambani mvua ikinyesha, na kwamba ukurasa huo unasema wazi kila kinachotokea kibandani. Niliweka uzi mwekundu pale, ili nikifika niruke.

Jioni nilipoufikia, mvua ya kweli ilikuwa inapiga bati letu, kubwa kiasi kwamba mimi mwenyewe sikuwa naisikia vizuri sauti yangu. Hapa napaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu nimeshajaribiwa kuandika kwamba nilisahau. Sikusahau. Uzi niliuona. Ukurasa ule ndio ulioandikwa vizuri kuliko yote niliyosoma mwaka mzima, na nilitaka kuusikia kwa sauti. Nikajiambia mvua itanifunika.

Mvua ya kwetu haipungui, inakatika. Ilikatika nikiwa katikati ya sentensi, na kabla sijang'amua, sauti yangu ilibaki peke yake ndani ya nyumba, ikisema maneno yale. Nilisoma maneno matano au sita zaidi. Kisha nikanyamaza. Ng'ambo ya ukuta kigoda kilisogezwa. Nikasikia mkono unapapasa kutafuta kitasa, mlango wa uani ukafunguka, na mama akatoka kwenda kwa jirani akigusa ukuta njia nzima.

Alfajiri alipanda bodaboda kurudi Itiryo. Simu ililia kabla sijanywa chai.

"Mama yuko nyumbani Itiryo," mke wangu akasema. "Analia tu, hasemi. Umemfanya nini?"

"Mimi? Sijui."

"Hujui?"

"Labda chakula. Juzi si alisema ugali ulikuwa mbichi?"

Hivyo ndivyo nilivyosema. Sikupanga, maneno yalitoka yenyewe, kamili. Mke wangu alimpigia jirani, akamwambia yote ambayo binti huweza kumwambia mtu aliyemlisha mama yake ugali mbichi. Mchana jirani alikuja na bakuli letu, akaliweka juu ya ngazi kwa kishindo.

"Shemeji, mwambie mkeo mimi si mpishi wa kuajiriwa. Nimemwogesha mama yake kama mama yangu."

"Nitamwambia," nilisema. Sikumwambia.

Wiki ile ile gari la matangazo likapita mtaani na spika juu: madaktari wa macho wanafika, walioandikishwa wajitokeze, atakayekosa angoje msimu mwingine. Nilimpigia mke wangu. Alikuwa ameshasikia kutoka kwa watu.

"Mama hataki kuja," akasema. "Namuuliza nani kakukosea, ananyamaza. Namwambia utabaki kipofu kwa ajili ya ugali? Ananyamaza. Mimi sijawahi kumwona hivi."

Ndipo nikaelewa jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angelielewa siku ya kwanza. Mama hakuwa anakataa kusema. Hakuweza. Ili aeleze kwa nini alikimbia nyumba yangu, angelazimika kutamka kwa kinywa chake, mbele ya binti yake, kile alichosikia kwa mkwe wake. Angekaa gizani mpaka kufa kabla ya kutamka. Kwa hiyo macho yake yalikuwa yanangoja mimi niseme.

Hata hivyo niliikata simu kwanza. Nikafagia sebule. Nikapanga vitabu vyangu upya kwa ukubwa. Kisha nikampigia tena.

"Si ugali," nilisema.

"Ngoja nisogee, hapa karasha inanguruma." Mngurumo ukapungua. "Haya, sema."

Nikamwambia: kitabu, uzi, mvua. Akaangua kicheko kirefu hata nikadhani mambo yamekwisha.

"Hebu nisomee na mimi hicho kipande."

"Siwezi kusoma maneno yale kwenye simu."

"Kwa mama uliweza." Hakuwa anacheka tena. "Na jirani? Mimi nimemtukana yule mwanamke kwa sababu yako. Ulikuwa unangoja nini?"



Mke wangu aliacha jiko lake kule mlimani, na aliporudi baadaye alikuta mtu mwingine anapikia pale. Alikwenda Itiryo kumleta mama. Mimi nilipeleka beberu na blanketi vya kumwomba mama radhi, kama nilivyoelekezwa na watu wa kwao, na nikaambiwa nisilale katika nyumba yangu mama akiwemo. Nililala stoo ya rafiki yangu, kati ya majora ya vitambaa.

"Kitabu cha marehemu baba nilikuazima ukisome," aliniambia akinitandikia mkeka. "Nani alikutuma ukitangaze?"

Kwa jirani nilikwenda mwenyewe. Alikuwa anapepeta mahindi uani na wanawake wengine wawili. Nilimwamkia, nikasema kosa lilikuwa langu, nikaeleza kadiri inavyowezekana kueleza mbele za wanawake. Hakuacha kupepeta.

"Na ugali?" akauliza.

"Ugali wako ni mzuri."

"Sijasikia. Sema kwa sauti, shemeji, kama unavyosoma."

Nikasema kwa sauti. Wale wawili walijifunika nyuso kwa kanga, mabega yakicheka.

Mama alifanyiwa jicho moja, la pili likaahirishwa. Siku waliyomfungua bandeji alihesabu vidole vya daktari, kisha akamwambia mke wangu kwamba amezeeka. Kabla hajarudi Itiryo, mke wangu alinipigia dukani mchana.

"Njoo ukae nje, chini ya dirisha. Mama anataka kujua yule mjane aliishia wapi."

Nilikwenda. Nilikaa juu ya tofali, mgongo ukutani, dirisha likiwa juu ya kichwa changu. Mke wangu alikuwa ndani na mama. Nilisimulia sentensi moja moja, naye akairudia ndani, ingawa mama alikuwa karibu yangu kuliko yeye. Nilipofika mwisho nikasema kwamba mwalimu alipeleka ng'ombe kwa kina mjane, wakafunga ndoa, wakaishi salama.

Ndani kulikuwa na kunong'ona. Kisha mke wangu: "Mama anasema huo sio mwisho. Anasema mwanamume wa kwenye kile kibanda hawezi kuwa ndiye huyu wa ng'ombe."

Nilikuwa nimetunga mwisho ule pale pale, kwa aibu, na mwanamke asiyejua kusoma aliiona kasoro yake kabla mke wangu hajamaliza kuurudia. Mwisho wa kweli ni kwamba mimba inaonekana, wanakijiji wanakaa kikao kumuuliza mjane, na mjane hamtaji mtu. Mwalimu yupo kikaoni. Yeye ndiye anayeandika kumbukumbu. Anaandika kila anachoulizwa mjane, kwa hati nzuri, na hasemi neno. Mjane anahama kijiji na kitabu kinaishia hapo.

Niliusema huo, polepole. Mke wangu akaanza kuurudia, sauti yake ikapungua, akaacha. Halafu nikasikia sauti ya mama mwenyewe, si kupitia kwa mtu yeyote, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Ndiyo," alisema. "Hivyo ndivyo mnavyofanya."

Nilibaki pale juu ya tofali mpaka nikasikia wanaanza kufunga mizigo, ndipo nikarudi dukani kwa njia ya nyuma ili tusionane. Kitabu nimekirudisha kabatini kwa mwenyewe. Ukurasa niliokusudia kunakili kwa mkono ulikuwa ule wa mvua. Nilionakili ni ule wa kikao.