Mama ameomba kukaa kwenye baraza ya kwao

Leo nimemdanganya mama yangu mzazi, jamani.

Miaka yote alikuwa akiniomba nimpeleke Pangani, kwenye nyumba aliyozaliwa. Nami namjibu, "Pangani si hapo tu, mama? Tutakwenda."

Ndiyo raha ya kukaa Tanga hiyo. Miji ya kale iko jirani, kwa hiyo huendi.

Leo nimempeleka. Macho yake hayaoni tena.

Tumeshuka tu, akauliza, "Baraza ya kwetu bado ipo?"

Nikatazama. Nyumba imeanguka, limebaki rundo la mawe na mpapai umeota katikati.

Nikasema, "Ipo, mama. Imepakwa na chokaa mpya."

Akafurahi huyo! Akaninyooshea mkono.

"Haya mwanangu, nikalishe hapo nipumzike."

Semeni nyie. Mngemkalisha wapi?