Goti la Bibi Pasi

Ukitaka kumkasirisha Bibi Pasi, mwambie kufundisha kazi ni rahisi. Mimi nilimwambia hivyo siku ya kwanza tulipokutana, tena kwa kujitapa, akanikata jicho hadi chai ikanipalia.

"Wewe unafundisha nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nafundisha madereva wa foklifti, vile vigari vya kunyanyulia mizigo ghalani.

"Na wangapi wamewahi kukuambia hawajaelewa?"

"Hakuna hata mmoja."

"Basi hujafundisha, baba. Umehutubia."

Ndivyo alivyo. Ni mwanamke mfupi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, na hacheki mzaha wake mwenyewe. Alianza kazi kiwanda cha kufulia akiwa na miaka ishirini na miwili, mtoto mgongoni na mume kaburini. Kiwanda hicho kinafua mashuka ya hoteli na hospitali. Kwanza alikunja, kisha akahamishiwa kwenye mashine ya pasi: rola ndefu ya chuma, ya moto, inayomeza shuka lenye unyevu upande huu na kulitoa upande ule limenyooka. Alisimama mbele ya rola hiyo miaka ishirini na hakuungua hata ukucha. Mkufunzi wa zamani alipostaafu, meneja akamwita Bibi Pasi akamwambia, "Wewe kazi unaijua, wafundishe wenzako." Maandalizi yake yote yalikuwa hayo.

Kesho yake wanawake aliokuwa akila nao mchana wakaanza kunyamaza akikaribia. Nao wakubwa hawakumkaribisha mezani kwao. Mkufunzi kazini ni popo, ndege wanamkataa na wanyama wanamkataa. Nalijua hilo kwa sababu mimi mwenyewe nimekula chakula changu peke yangu kwenye ngazi za ghala miaka mingi, nikijifanya nasoma gazeti.

Kilichotuokoa ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Tuko wakufunzi wanne katika mtaa wetu wa viwanda. Mzee Rangi anafundisha wachanganyaji wa kiwanda cha rangi, na yeye ndiye mwenye ufunguo wa kantini tunamokutana kazi zikiisha. Dada Simu anafundisha vijana wanaopokea simu za wateja wenye hasira. Mimi wananiita Foko. Mwanzoni tulikutana kunywa chai na kuwasengenya mabosi, na tulikuwa hodari kwelikweli. Bibi Pasi alipokuja, mkutano wa pili tu, akasema umbea ataupata hata bombani akichota maji. Akataka kila mwezi mmoja wetu afundishe somo lake na wengine wawe wanafunzi.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi yetu tunayoiita ujinga mwaminifu. Ukiwa mwanafunzi, unafanya kile tu ulichoambiwa au kuonyeshwa. Huruhusiwi kubahatisha wala kumsaidia mwalimu kwa akili zako. Mzee Rangi aliwahi kuniambia, "Fungua kopo, mimina," nami nikamimina, kwenye viatu vyake, kwa kuwa hakusema wapi. Alinuna mwezi mzima. Lakini tangu siku hiyo wanafunzi wake hawamwagi rangi ovyo.

Akiwa na miaka arobaini na tisa, Bibi Pasi aliingia darasani kutafuta cheti cha ukufunzi, pamoja na vijana waliomwita mama na kumpisha kiti cha mbele. Mtihani wa kuandika ukamwangusha. Alikuja kantini akalia mbele yetu bila kuficha, na sisi watatu tukawa hatujui pa kuweka mikono. Dada Simu akamfundisha kujibu maswali kwa maandishi, wiki sita, kila Jumamosi. Mara ya pili akafaulu. Cheti chake hakikuning'inizwa kwake nyumbani. Kipo ukutani pale kantini, juu ya birika, kwa sababu alisema yeye peke yake asingekipata.

Sasa nieleze lililotokea mwaka huu.

Kiwanda cha kufulia kilipanuka. Zamani Bibi Pasi alifundisha mmoja mmoja, mwanafunzi amesimama ubavuni mwake, bega kwa bega. Kuanzia mwaka huu akapewa watu kumi kwa mpigo, na kwa usalama wao wakasimamishwa ng'ambo ya mashine, nyuma ya mstari wa njano. Kundi la kwanza likamaliza, kila mmoja akatia saini fomu kwamba amefundishwa na ameelewa. Wiki tatu baadaye binti mmoja wa kundi hilo, mwembamba, mpole, aliona shuka limekunjamana kwenye rola. Akanyoosha mkono alirekebishe, na rola ikamvuta. Aliungua kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko cha mkono wa kulia.

Binti alisema alibonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha kabla ya kuugusa mkunjo. Meneja akasema haiwezekani, angebonyeza asingeungua. Kikao cha nidhamu kikapangwa Jumatatu. Ikionekana ni uzembe wake, kazi hana na matibabu atajilipia. Na fomu ilikuwepo, saini yake chini.

Alhamisi ile Bibi Pasi aliingia kantini akihema, amekunja uso kama ngumi.

"Nilimfundisha!" akasema kabla hajaketi. "Kwa mdomo huu! Kila siku nilisema: ukiona mkunjo, simamisha kwanza. Wameniambia nilete uthibitisho kwamba somo langu limekamilika. Nyinyi ni wakufunzi, mnanijua. Niandikieni barua, mtie saini, yaishe."

Mzee Rangi akatoa kalamu mfukoni palepale. Nami nilikuwa navuta karatasi. Ninaona aibu kulisema hili, lakini ningetia saini bila kusita. Alikuwa mwenzetu, na yule binti sikumjua.

Dada Simu ndiye aliyesema, "Tutaandika, Bibi. Lakini kwanza tufundishe."

"Nikufundisheni nini? Somo langu mmeshaliona!"

"Mwaka juzi. Leo lifundishe kama ulivyolifundisha kundi lile."

"Yaani huniamini?"

"Ningekuwa sikuamini nisingeomba," Dada Simu akajibu. "Ningetia saini nikaenda zangu nyumbani."

Bibi Pasi akaanza kupanga vitu kwa hasira. Meza mbili zikawa mashine. Mpini wa ufagio ukawa rola, kitambaa cha meza kikawa shuka, kifuniko chekundu cha chupa kikawa kitufe. Mimi na Mzee Rangi tukasimama ng'ambo. Dada Simu, mgongo ukimsumbua, akavuta kigoda akakaa pembeni.

Alifundisha vizuri. Nasema kweli, nilimwonea wivu. Polepole, kwa sauti ya kutuliza, hatua kwa hatua. Alipofika kwenye mkunjo akasema, "Ukiona hivi, usiguse. Simamisha." Akabonyeza kifuniko. "Kisha nyoosha." Akanyoosha kitambaa kwa vidole viwili. "Foko, haya, zamu yako."

Nikazunguka upande wake. Nikaona mkunjo, nikabonyeza kifuniko, nikapeleka mkono.

"Umeungua!" akapiga kelele.

"Nimesimamisha."

"Hujasimamisha!"

"Bibi, nimebonyeza kama ulivyobonyeza."

"Kubonyeza kunakata umeme tu! Rola nzito ile, inaendelea kuzunguka, inakuja kutulia baadaye. Mtu anasimamisha hivi!" Akanisukuma kando, akabonyeza, akanyoosha.

Meza ikasogea. Miguu yake ilikwaruza sakafu, kelele kidogo tu. Nadhani hata mara ya kwanza ilisogea, na mimi sikujali.

"Rudia," Dada Simu akasema kutoka kwenye kigoda chake. Bibi Pasi akarudia, na meza ikasogea tena.

"Bibi," Dada Simu akasema taratibu, "goti lako linafanya nini?"

Bibi Pasi akainama kutazama. Goti lake la kushoto lilikuwa limekandamiza mguu wa meza. Alilitazama kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Kuna upau," akasema, sauti imeshuka. "Chini ya mashine, upande wa mfanyakazi. Ukiusukuma kwa goti unaibana rola, inasimama papo hapo."

"Uliwaambia?" nikauliza.

Akavuta kiti akaketi. Nilimwona akihesabu moyoni wanafunzi wake wote wa zamani, wale waliosimama ubavuni mwake wakaiga goti bila yeye kusema wala wao kuuliza. Mwenye macho haambiwi tazama, na wao walikuwa na la kutazama. Hawa kumi wa ng'ambo walimwona uso na mikono. Hata fomu iliandika neno moja tu, simamisha.

"Alibonyeza," akasema. "Mtoto wa watu alibonyeza kama nilivyomfundisha."

Mzee Rangi, ambaye hana roho mbaya ila anapenda amani kuliko chochote, akakohoa. "Dada yangu, yaliyopita si ndwele. Kundi lijalo waambie habari za upau. Barua tuandike kama ulivyotaka. Nani atajua?"

"Sisi wanne tunajua."

"Watakunyang'anya ukufunzi."

"Najua hilo pia."

"Umeuhangaikia!"

Hapo akafoka, "Na yeye mkono wake haumhangaishi?" Mzee Rangi akarudisha kalamu mfukoni.

Kesho yake alinitaka nimsindikize kwa binti. Alisema hawezi kufika ofisini kabla ya kufika kule. Tulikuta chumba kimoja, pazia katikati, mama yake binti akipepea jiko mlangoni. Binti alikuwa kitandani, mkono umefungwa bendeji, umewekwa juu ya mto. Alipomwona mkufunzi wake alijaribu kuinuka.

"Shikamoo, Bibi. Nisamehe, nimekuaibisha."

"Marahaba. Kaa, mwanangu." Bibi Pasi hakukaa yeye. Alimweleza yote wima, habari za upau, za goti, za mstari wa njano, bila kujitetea hata kwa neno. Mwisho akasema, "Ulibonyeza. Ulifanya kila nilichokufundisha. Mimi ndiye niliyekufundisha nusu."

Binti alimtazama muda mrefu. Kisha machozi yakaanza kumtoka.

"Nilishamwambia mama," akasema, "kwamba mimi ni mtu nisiyefundishika. Kwamba wenzangu wote wameelewa ila mimi."

Mama yake aliingia na kipepeo mkononi, akasimama. Nilidhani atatufukuza, na haki hiyo alikuwa nayo. Alimtazama Bibi Pasi juu hadi chini, akasema, "Maneno haya utayarudia Jumatatu mbele yao?"

"Nitayarudia."

"Basi na mimi nitakuwepo niyasikie." Chai hakutupa, na hatukustahili.

Jumatatu Bibi Pasi aliyarudia. Aliwapeleka hadi kwenye mashine, akawasimamisha nyuma ya mstari wa njano, akawauliza kama wanaliona goti lake. Meneja akainama, akajinyoosha, akainama tena, hakuliona. Binti akabaki na kazi yake na matibabu yakawa juu ya kiwanda. Tisa waliobaki wakaondolewa kwenye mashine siku hiyohiyo wafundishwe upya. Bibi Pasi akavuliwa ukufunzi kwa mwaka mzima, akarudishwa mbele ya rola. Alitoka akiwa amejikaza, na alipofika getini akalia. Nililia naye, sioni haya.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi uliofuata tulikaa tukimngoja, tukaamini haji. Akaja, amechelewa, kofia ya kazi bado kichwani. Akasimama mlangoni.

"Mimi si mkufunzi tena," akasema. "Nina haki ya kukaa hapa?"

"Acha maneno yako, ingia," Mzee Rangi akasema, akamvutia kiti.

Hakukitaka. Alichukua kigoda, akakiweka pembeni kabisa, akaketi karibu na sakafu, akavaa miwani.

"Leo zamu ya nani?"

Ilikuwa yangu. Nikapanga viti viwili vikawa foklifti, nikaketi, nikaanza somo la kurudi nyuma na mzigo, somo ninaloweza kulifundisha nikiwa usingizini. Washa, tazama kioo, piga honi, rudi.

"Simama hapo," Bibi Pasi akasema. "Kabla ya kurudi umeinua makalio kitini ukachungulia nyuma ya mzigo. Hilo wanafunzi wako umewaambia?"

Sikujua kwamba nainua makalio. Miaka kumi na mitano, sikujua. Nikakumbuka fomu zangu ghalani, saini juu ya saini, na madereva thelathini na wawili ambao kesho saa mbili asubuhi watawasha na kurudi nyuma, mahali ambapo watu wanapita kwa miguu.

"Sijawaambia," nikasema.

Akafungua daftari lake. "Haya. Anza tena, polepole."