Mahali pa Kuchapishwa: Kisumu Ndogo

Hakuna kazi iliyowahi kunitia hasira kama kupanga marejeo ya makala. Wanaosema ni kazi ya kuchosha tu hawajaona orodha ya marejeo ikimfuta mtu aliye hai. Mimi nimeona, na hasira yake sijaimaliza mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu msaidizi wa historia chuoni, kwa mkataba, nikiishi chumba kimoja Kawangware, upande wa kuelekea Riruta. Mkuu wa idara alikuwa ameniambia waziwazi kwamba nikichapisha makala katika jarida la ng'ambo mkataba utaongezwa, na nisipochapisha nianze kutafuta shule ya kufundisha. Nikaandika jinsi Kisumu Ndogo, kule Kibera, ilivyoanza: nani alijenga wapi, nani alimpokea nani, ibada za kwanza zilifanyika nyumbani kwa nani.

Maandishi yaliyogusa habari hizo yalikuwa machache, na yote ya dharau. Kulikuwa na ripoti ya afisa mmoja wa mkoloni, aliyepita kwa gari akaandika kwamba upande ule hapakuwa na mtu. Na kulikuwa na mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mjane kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa anaishi palepale wakati afisa anapita. Nusu ya makala yangu ilitoka kinywani mwake, mimi nikiwa nimekalia debe lililopinduliwa kando ya meza yake. Alikuwa mkali, alipenda kujisifu, na siku nyingine alibishana na maneno yake mwenyewe ya juma lililopita. Lakini hata afisa yule alijipinga ukurasa wa pili tu wa ripoti yake, na hakuna aliyesema aondolewe.

Sheria za jarida zilitaka jina la ukoo kwanza, halafu herufi ya kwanza ya jina la mwandishi, mwaka, jina la kitabu likiwa limepigiwa mstari, mahali pa kuchapishwa, na mchapishaji. Yote yapangwe kwa alfabeti. Watu waliohojiwa wasiingie kabisa. Watajwe kwa jumla ndani ya tanbihi, kwa maneno "wenyeji kadhaa". Aliyepita kwa gari anapewa jina, mwaka na mji. Aliyekaa anaitwa wenyeji kadhaa. Nikasema hilo halitapita mkononi mwangu. Nilichukua kadi tupu, nikamwandika yule mama, nikaitia katika katoni ya viatu nilimopanga kadi za vitabu vingine vyote.

Watu wa ziwani humwita mwanamke aliyeolewa kwa jina la kwao alikozaliwa: binti wa mahali fulani. Soko zima lilimwita hivyo, nami nikamwandika hivyo. Kwenye mahali pa kuchapishwa nikaandika Kisumu Ndogo. Kwenye mchapishaji nikaandika: ameeleza mwenyewe.

Jirani yangu, mama kutoka Magharibi aliyekuwa akipiga chapa nyumbani kwake, ndiye aliyenichapia mswada. Alipofika kwenye kadi ile hakuipenda. Sheria ilidai jina la ukoo, na kwao mama wa watu haandikwi kama msichana ambaye hajatoka kwa baba yake. Jina la marehemu mume lilikuwa mle mle ndani ya makala. Kwa heshima tupu akalichukua, akamwandika mjane kwa jina la mume wake, wala hakuona sababu ya kuniuliza.

Nilikuwa nimemwahidi muuza omena kwamba atasikia kila kitu kabla sijakipeleka posta. Nikaenda na mswada, nikakalia debe langu, nikawa namsomea kwa Kiswahili huku akipima omena kwa mkebe. Nilipofika kwenye mstari wake, mkebe ukasimama hewani.

"Huyo mzee alikuambia lini?" akauliza. "Yeye alikufa hata kabla mimi nijue Nairobi iko wapi."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo siku zote hakuwa amelisema. Mume alipokufa, shemeji walikaa kikao wakaamua nani kati yao atamrithi awe mke wake. Alikataa. Walimpa muda afikirie, akautumia kufunga mizigo, akaondoka na mtoto mgongoni.

"Kama ningetaka kukaa chini ya hiyo jina, ningebaki huko nirithiwe," alisema. "Niandike vile watu wananiita, nyathina, ama unitoe kabisa."

Nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha yao. Aliniita hivyo hata akiwa amenikasirikia, na siku hiyo alikuwa amekasirika kwelikweli.

Kurudisha jina moja si jambo dogo unapotumia mashine ya kupiga chapa. Alfabeti ilimhamisha kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na kila aliyekuwa katikati akalazimika kusogea. Jirani yangu alinung'unika sana, akauliza mimi ninasoma kitu gani huko chuoni kisicho na mwisho. Nilipomsimulia habari ya wale shemeji aliweka kaboni mpya, akaanza orodha yote upya. Alipomaliza, mjane alikuwa ameangukia mstari ulio chini tu ya afisa wa gari. Sikulipanga hilo, lakini nililifurahia vibaya sana.

Mkuu wa idara alisoma orodha, akavua miwani.

"Unataka kupoteza kazi kwa sababu ya muuza omena?"

Nikamjibu kwamba nusu ya makala ni yake, na mwizi wa nusu ni mwizi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundishwa sheria hizo na watu wasiojibiwa, akadhani na sisi hatutajibu.

Niliupeleka mswada posta hivyohivyo, majibu yakatoka ng'ambo baada ya miezi mingi. Makala imependwa na itachapwa, mradi mstari ule mmoja uhamishiwe kwenye tanbihi. Sitajifanya shujaa: niliitaka kazi ile sana. Nilikaa kitandani nikijiambia ni mstari tu. Halafu nikauona mkebe uliosimama hewani, aibu ikanishika kwa kuwaza tu. Niliwaandikia kwamba wakimtoa yeye wamtoe na afisa, maana wote wawili walieleza walichokiona, tofauti ni kwamba mmoja hakushuka garini.

Wakarudisha mswada. Mkataba wangu ulikwisha kimyakimya, nami nikaenda kufundisha sekondari. Mpaka leo sijajuta, na wale wanaonitakia nijute wataendelea kungoja.

Miaka ilipita. Walimu wa historia wa hapa nyumbani wakaanzisha jarida lao, jembamba, la karatasi inayochafua vidole kwa wino. Walichapa makala yangu na marejeo yote jinsi yalivyokuwa. Nilipeleka nakala Kisumu Ndogo siku hiyohiyo niliyoipata. Mama alikuwa amezeeka, lakini meza ilikuwa palepale. Wiki hizo watu walikuwa wakinong'ona kwamba nyumba za upande huo zitabomolewa.

Hakujua kusoma. Akaniambia nimwonyeshe yeye yuko wapi. Nikachukua kidole chake, kimejaa magamba ya omena, nikakiweka juu ya jina alilonitaka nimwandike. Akakiacha hapo kwa muda, kisha akakisogeza juu kidogo.

"Na huyu jirani yangu ni nani?"

Nikamwambia ni yule afisa aliyeandika kwamba hapa hapakuwa na mtu.

Akaitazama karatasi bila kucheka.

"Mwambie mimi sihami," alisema.

Kisha akaniomba nisogee, maana nilikuwa nimeziba meza na wateja walikuwa wanangoja.