Ringi ya Futi Tisa na Nusu

Kwa miaka minne timu yangu ya mpira wa kikapu ya wasichana wa chuo chetu haikufungwa hata mara moja katika uwanja wa nyumbani, na kwa miaka yote hiyo ringi zetu zilikuwa chini ya kipimo. Mimi ndiye niliyekuwa kocha. Nilikuwa pia mwalimu wa ujenzi katika chuo hichohicho, na somo langu la kwanza kila muhula lilikuwa vipimo.

Nieleze ilivyokuwa. Ukocha niliupata katika mkutano wa walimu, pale nilipouliza kwa nini uwanja wa mpira wa kikapu unatumiwa na watu wa jikoni kuanikia mahindi. Mkuu wa chuo alinitazama, akaandika kitu, na wiki iliyofuata nikapewa filimbi na mipira miwili. Mmoja ulikuwa unavuja.

Chuo chetu kiko Malindi, karibu na bahari, na maji ya kisima chetu yana chumvi. Sakafu ikichanganywa kwa maji hayo haidumu. Baada ya mwaka mmoja hivi inaanza kumeguka, na msichana akiruka anatua kwenye kokoto. Kila ilipomeguka, fundi wetu, mzee wa Gongoni aliyejenga nusu ya chuo, aliitwa akamwaga sakafu mpya juu ya ile ya zamani. Inchi mbili. Mimi nilisimama kando nikisifu kazi.

Kila baada ya sakafu mpya tulizidi kushinda, nami nikadhani nazidi kuwa hodari.

Wageni walipokuja, mipira yao ilipita juu ya ringi ikagonga ubao na kurudi. Niliwaambia kwa upole kwamba ni upepo wa bahari, lazima uuzoee. Tulipokwenda kucheza kwa watu, mipira yetu sisi haikufika. Hapo nilisema ni chakula cha ugenini, nikapiga marufuku kula kwa wenyeji. Tukawa tunasafiri na mahamri na mbaazi zetu katika ndoo yenye mfuniko, na tukafungwa tukiwa tumeshiba. Sifa zangu za nyumbani zilienea hata nikaalikwa kuzungumza na makocha wenzangu wa pwani kuhusu namna ya kuusoma upepo. Nilizungumza saa nzima. Wengine waliandika.

Mwaka wa nne tukafika fainali, dhidi ya chuo kimoja cha upande wa Kilifi, na fainali ikapangwa kwetu. Mkuu wa chuo akaniita ofisini.

"Kombe likija, uwanja unabaki," alisema. "Lisipokuja, magari ya wafanyakazi nayo yanahitaji mahali."

Sikuwa na wasiwasi. Nyumbani hatufungwi.

Jumapili kabla ya wiki ya mchezo nilimwita fundi aje kuangalia shimo lililotokea chini ya ringi ya kaskazini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu." Aliinama, akagonga sakafu kwa kisigino cha nyundo, kisha akatazama juu. "Tukimwaga tena, watoto wako watafunga wakiwa wamekaa."

"Wamekaa vipi?"

"Sakafu nimeipandisha mara tatu. Nguzo hujaipandisha hata mara moja."

Nilikwenda darasani nikachukua tepu ileile ninayofundishia. Futi tisa na nusu. Nikapima ringi ya pili. Futi tisa na nusu. Kipimo ni futi kumi.

"Mimi nilidhani wajua," alisema fundi. "Si wewe ndiye mwalimu wa vipimo?"

Nilimwomba alizibe shimo tu, na alizibe kimya kimya.

Jioni nilimwita kapteni, msichana wa Ngomeni aliyekuwa mfungaji wetu mkubwa, nikamweleza. Nilitegemea atashtuka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Na upepo, Kochi?"

"Upepo upo."

"Na yale mahamri tuliyobeba mpaka kwa watu? Mimi ndiye niliyekuwa nikibeba ile ndoo."

Nilimwacha acheke. Kisha nikamwambia jambo la pili, kwamba bolti za ubao zinafunguka, na nguzo ina matundu mengine juu, kwa hivyo ringi inaweza kupanda nusu futi kwa spana na ngazi. Nikamwambia pia kwamba tukiacha ilivyo, Jumamosi tutashinda na uwanja utabaki, na hakuna anayejua ila yeye, mimi na fundi.

"Miaka miwili najiita mfungaji," alisema. "Nataka kujua kama naweza kufunga."

"Na tukifungwa je? Uwanja utakuwa wa magari ya wafanyakazi."

"Basi nitajua, na magari yatapata mahali."

Jumatatu alfajiri nilipanda ngazi. Nilipandisha ubao mpaka tundu la juu kabisa, la mwisho, nikapima mara tatu. Futi kumi. Kisha nikafanya vivyo hivyo upande wa pili.

Mazoezi ya siku hiyo yalikuwa msiba. Kila mpira ulipungukiwa. Mmoja alisema mikono yake imekuwa mizito, mwenzake akasema ni chakula cha bwenini, na mlinzi wetu wa kati akasema waziwazi kwamba kuna mtu ametutengeneza kwa mganga. Kapteni alibaki uwanjani akirusha peke yake mpaka wapishi walipofunga jiko, na siku ya pili vivyo hivyo. Kufikia Alhamisi mpira mmoja kati ya mitatu ulikuwa unaingia. Nilipunguza chakula changu mwenyewe kwa hofu.

Jumamosi wageni wakaja. Kocha wao alikuwa mama mmoja wa bara aliyehamia Kilifi zamani, mpole, mwenye miwani. Nilimkumbuka. Katika yale mazungumzo yangu ya upepo alikaa mstari wa mbele, naye aliandika.

Mchezo ulianza, na mfungaji wao akarusha. Nilingoja mpira upite juu ya ringi ugonge ubao, kama ilivyo desturi ya wageni. Haukufika. Wa pili haukufika. Wa tatu uligusa wavu kwa chini. Niliutambua upungufu ule kama mtu anavyotambua viatu vyake miguuni mwa mwingine mlangoni mwa msikiti. Hivyo ndivyo wanavyorusha watu waliozoea ringi ya chini.

Ulikuwa mchezo mbaya kuliko wote niliouona maishani. Timu mbili ziliilaumu mikono yao kwa dakika arobaini. Tulishinda thelathini na moja kwa ishirini na nane, na kumi na tisa zilikuwa za kapteni. Mkuu wa chuo alinipa mkono akasifu ulinzi wetu.

Wasichana walipokwenda kula, kocha wa wageni alibaki. Alitoa tepu mkobani.

"Madamu, unatembea na tepu?"

"Nashona, Mwalimu."

Ilikuwa tepu ya chuma, ya mita tano. Aliisukuma juu mpaka ikagusa ringi, akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Futi kumi," alisema.

"Ulitarajia ngapi?"

Aliirudisha tepu polepole. "Wasichana wangu wamefanya mazoezi miezi mitatu kwa ajili ya upepo wenu."

Nikaelewa. Mwaka jana alipocheza hapa alipima, akarudi kwao akaishusha ringi yake nusu futi.

"Ringi hii ilipanda lini, Mwalimu?"

"Sikumbuki. Ya kwenu ilishuka lini?"

"Mimi pia sikumbuki."

Tulikwenda kunywa chai.

Uwanja ulibaki. Mkuu wa chuo amefurahi hata ameagiza sakafu ipigwe upya, kwa kuwa siku ya fainali alijikwaa alipokuja kupokea kombe. Agizo lake linasema imwagwe juu ya ile ya zamani, kama kawaida. Lakini nguzo hazina tundu jingine la kupandishia ringi, na nikitaka sakafu zote zivunjwe kwanza, lazima nijaze fomu. Nimejaza jina la jengo, urefu, upana na unene. Fundi anakuja Jumatatu na ameuliza mara mbili kama alete mitarimbo au simiti. Kwenye fomu pamebaki mstari mmoja, ulioandikwa Sababu.