Mfupa Kwenye Sufuria ya Njegere

Efraimu, fundi seremala wa Sokon I, siku hizi alikuwa anazunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya bucha. Nyama ilipopanda bei, mkewe Silantoi aliiacha bila hata kuiaga, akageukia ndizi kwa njegere, maharage ya karanga na mnavu wa nyuma ya nyumba. Efraimu alikula akashiba, tena akaomba aongezewe. Lakini watu wajue kwamba yeye, Mwarusha mzima aliyekulia kwenye nyama, mwenye mke na kazi yake, nyumbani anakula majani? Hilo lilimshinda. Akiulizwa kazini jana alikula nini, alikuwa anadanganya bila kupepesa macho.

Ndipo mzee Loishiye, baba yake Silantoi, akapiga simu kwamba anakuja kula chakula cha mchana. Silantoi akabandika ndizi na njegere zilezile. Efraimu akaona ameumbuka: mkwe aje, asichinjiwe hata kuku, arudi kwake Olasiti akaseme binti yake kaolewa na njaa. Mkewe alipotoka kuchuma mnavu, yeye akakimbilia bucha, akarudi na mfupa mnono wa ng'ombe, akauzamisha sufuriani na kufunika.

Mzee aliingia akichechemea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akaketi, akanyoosha mguu uliovimba goti. "Daktari kanikataza nyama ya ng'ombe, hata mchuzi wake," alisema kwa sauti ya chini, utadhani anaungama. "Kwangu siwezi kusema. Wenzangu wa rika watanicheka mpaka nihame. Silantoi kaniambia nyinyi mnapika bila nyama na mnashiba. Nikasema, basi, kwa mkwe wangu nitakula bila aibu."

Silantoi akafunua sufuria. Upawa ukagonga mfupa. Akamtazama mumewe.

"Nimeutia mimi," Efraimu akasema, masikio yakiwaka moto. "Niliona haya, baba. Nilidhani utatudharau."

Mzee hakumkemea, na hilo ndilo lililomuuma Efraimu zaidi. Aliomba parachichi na chumvi, akala taratibu, akiwa na njaa yote aliyotoka nayo Olasiti.

Silantoi naye alichukua sahani kubwa aliyomwandalia baba yake, akaijaza, akalaza ule mfupa juu ya ndizi, akaiweka mbele ya mumewe. Efraimu akala, wote wawili wakimtazama.